Kabla ya Viza, Kipimo cha Kifua

Katika nyumba nyingi za huku Nyakiriba, juu ya kabati au chini ya godoro, mna bahasha ya kaki ambayo watoto hawaruhusiwi kuigusa. Ndani yake mmehifadhiwa pasi ya kusafiria, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na picha ndogo za uso. Hiyo ndiyo bahasha ya safari.

Siku hizi safari ya ng'ambo si jambo la wakubwa peke yao. Askari huenda kulinda amani katika Jamhuri ya Afrika ya Kati na Sudan Kusini. Mke humfuata mumewe aliyepata kazi Canada. Kijana hupata nafasi ya masomo Uingereza. Binti huitwa kufanya kazi katika nchi za Ghuba. Wote hao, kila mmoja kwa namna yake, hupitia mlango mmoja kabla ya kuufikia ule wa ndege, nao ni mlango wa daktari.

Wengi huuona mlango huo kuwa ni kikwazo tu, kilichowekwa na wenye nchi zao ili kuwachosha watu. Mimi nami nilikuwa na mawazo hayo hayo, mpaka nilipoyaona kwa macho yangu yaliyompata jirani yetu mmoja. Kwa idhini yake nayasimulia hapa bila ya kulitaja jina lake, ili yawe funzo kwa jamaa za askari na kwa kila msomaji mwenye bahasha ya kaki nyumbani kwake.

BARUA KUTOKA CANADA

Mama huyo ni mtu wa makamo ya miaka 30 na kidogo. Mumewe yuko Canada, na yeye pamoja na binti yao wa miaka 4 wanakaa kwa kaka yake, ambaye ni askari magereza. Kwa faida ya msomaji asiyeijua Nyakiriba, gereza la Rubavu limo katika sekta yetu, na kwa hiyo sare za magereza si jambo geni kwetu. Chumba cha mama huyo kina kitanda kimoja, na mtoto hulala ubavuni pake.

Siku moja jioni alinijia na karatasi mkononi. Majirani huniita Mwalimu, kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kuingia katika kazi ya ofisi, na kila barua ya lugha ya kigeni huletwa kwangu. "Mwalimu," alisema, "hebu nisomee. Naona wameandika habari ya daktari."

Barua ilimtaka yeye na mtoto wakapimwe afya katika muda wa siku 30. Niliisoma kwa haraka, na kwa ujuvi wangu nikamwambia aende hospitali iliyo karibu, achukue cheti cha afya chenye muhuri. Alifanya hivyo. Alipanga foleni, akalipa, akarudi na karatasi yenye muhuri wa buluu uliokolea vizuri. Kaka yake aliitazama akafurahi. Usiku nilipoisoma tena ile barua kwa utulivu ndipo nilipoona kosa langu: kipimo kilitakiwa kifanywe na daktari aliyeteuliwa na idara ya uhamiaji ya Canada, wala si na mwingine yeyote, hata akiwa bingwa. Siku 9 zilikuwa zimekwisha kupotea pamoja na fedha. Haraka haraka haina baraka, na baraka niliyoikosa mimi ililipwa na mwenzangu.

NAMNA MAMBO YALIVYO

Yafaa basi nieleze kwa kirefu jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua.

Nchi kama Canada, Marekani na Australia huteua madaktari maalumu katika nchi mbalimbali, na orodha yao hutangazwa. Uingereza nayo huidhinisha zahanati za kupimia kifua kikuu. Cheti cha daktari mwingine hakifai kitu mbele yao, hata kama kila neno lililoandikwa humo ni la kweli. Hapa kwetu huduma hizo hupatikana Kigali, na miongoni mwa wanaozitoa ni kituo cha afya cha Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, lijulikanalo kwa kifupi IOM.

Kwa anayekwenda Canada, mwili mzima huchunguzwa, awe mkubwa au mdogo. Mkojo hupimwa kuanzia umri wa miaka 5. Picha ya kifua hupigwa kuanzia miaka 11. Damu hupimwa kuanzia miaka 15, ili kutazama kaswende na virusi vya UKIMWI. Daktari humpiga mtu picha ya uso na kuitazama pasi yake, ili aliyepimwa awe ndiye mwenye safari. Baada ya hapo majibu hayatiwi katika bahasha na kukabidhiwa msafiri, bali daktari huyapeleka mwenyewe kwa njia ya kompyuta. Msafiri hupewa karatasi ya kuthibitisha kwamba amepimwa. Wala si daktari anayeamua nani apewe viza na nani akataliwe; wanaoamua ni maofisa wa uhamiaji. Kipimo hicho hudumu miezi 12, na muda huo ukipita kabla ya safari, mtu huweza kutakiwa apimwe upya.

Kwa Uingereza, mtu atokaye Rwanda naye akitaka kukaa huko zaidi ya miezi 6 hutakiwa cheti cha kifua kikuu, ambacho hudumu miezi 6. Watoto walio chini ya miaka 11 kwa kawaida hawapigwi picha ya kifua. Mja mzito hupewa nafasi ya kuchagua: apigwe picha akiwa amekingwa tumbo, apimwe makohozi, au angoje mpaka ajifungue.

DOA KATIKA PICHA

Jirani yetu alipanda basi alfajiri, akapita Musanze, akafika Kigali akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto alipimwa uzito, akasikilizwa moyo na mapafu, akaonekana mzima. Mama alipigwa picha ya kifua. Siku ya pili aliambiwa kwamba sehemu ya juu ya pafu lake la kulia ina doa, na kwamba itabidi atoe makohozi asubuhi tatu mfululizo.

Alishangaa mno. Kikohozi alikuwa nacho, lakini kidogo tu, cha alfajiri, na huku kwetu kwenye baridi ya milima nani asiyekohoa alfajiri? Hakuwa na homa ya kumlaza kitandani, na shamba alikuwa akilima. Hivyo ndivyo kifua kikuu kinavyowadanganya watu. Huweza kukaa mwilini muda mrefu bila ya kumwangusha mtu, ilhali kila anapokohoa hutoa hewani vijidudu ambavyo wengine huvivuta. Hakiambukizi kwa sahani wala kwa kupeana mkono, bali kwa hewa, hasa katika chumba kidogo kisichofunguliwa madirisha.

Makohozi hayo hupandwa katika chupa ili kutazama kama vijidudu vitaota, na kazi hiyo huweza kuchukua majuma 8. Mama alirudi Nyakiriba kungoja. Na hapo ndipo mtihani wenyewe ulipoanza.

NENO LA KAKA

Kaka yake ni mtu mwema, mwenye kumpenda dada yake. Lakini aliona safari inaponyoka. Alikuwa amesikia kwa watu mjini kwamba yuko dalali anayejua "mlango mwingine": picha ya kifua cha mtu mzima, au makohozi ya mtu mwingine, na mambo yakaisha. Nilikuwapo barazani siku alipomweleza.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "mumeo amengoja miaka miwili. Ukisema una kifua, watakufungia. Wewe huumwi. Ni doa tu."

Mama alinyamaza kitambo, akimtazama mtoto aliyekuwa akicheza na vizibo vya chupa. Kisha akasema, "Kaka, hao wa Canada nitawadanganya. Na huyu anayelala nami kitanda kimoja, makohozi yake nitayanunua wapi?"

Hakuna aliyejibu. Kaka yake alivua kofia, akaiweka magotini, akainamisha kichwa.

Sheria nayo ilikuwa upande wa mama. Mtu akigunduliwa kuwa amedanganya katika maombi ya kuingia Canada, huweza kufungiwa mlango kwa miaka 5. Lakini mwenye kifua kikuu aliyesema kweli hafukuzwi. Huambiwa atibiwe kwanza, alete uthibitisho wa kumaliza dawa pamoja na vipimo vipya, ndipo shauri lake liendelee. Kwa maneno mengine, ukweli ungemchelewesha kwa miezi, na uongo ungeweza kumchelewesha kwa miaka. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Majibu yalipokuja, yalithibitisha kuwa ni kifua kikuu, cha aina inayosikia dawa za kawaida. Alianza matibabu katika kituo cha afya cha karibu, bila ya malipo, kwa kuwa dawa za kifua kikuu hapa Rwanda hutolewa bure. Matibabu hayo huchukua miezi 6: miezi 2 ya mwanzo dawa za aina nne, na miezi 4 inayofuata dawa za aina mbili. Baada ya majuma machache ya dawa, wagonjwa wengi huwa hawaambukizi tena. Hatari iko kwa yule anayejisikia nafuu akaacha dawa njiani, kwani huvipa vijidudu nafasi ya kuzizoea, na ugonjwa wa namna hiyo ni mgumu zaidi kuutibu.

Kisha watu wote wa nyumba ile waliitwa kupimwa. Kaka hakuwa na ugonjwa. Mtoto naye hakuwa mgonjwa, lakini alipewa dawa za kinga, kwa kuwa mtoto aliye chini ya miaka 5 akilala na mwenye kifua kikuu, hatari yake ni kubwa kuliko ya mtu mzima. Ndugu msomaji, litafakari jambo hili. Kwa umri wake mtoto yule hakutakiwa kupigwa picha ya kifua kwa ajili ya viza, na kule Kigali alionekana mzima. Kama mama angepita "mlango mwingine", karatasi zote mbili zingekuwa safi, na hatari ingalikuwa kitandani pale pale.

ASILI YA VIPIMO HIVI

Desturi ya kumzuia msafiri kwa ajili ya maradhi ni ya kale. Neno karantini lenyewe limetokana na hesabu ya siku 40 ambazo zamani merikebu zilingojeshwa katika bandari ya Venice kwa kuhofia tauni. Katika kisiwa cha Ellis, huko New York, ambako wahamiaji wapatao milioni 12 walipita kati ya mwaka 1892 na 1954, madaktari waliwatazama watu wakipita mstarini na kuwaandika kwa chaki juu ya makoti: herufi moja kwa mwenye shaka ya moyo, nyingine kwa mwenye shaka ya macho, nyingine kwa kiwete. Kope za watu zilipinduliwa ili kutafuta trakoma. Mtu alisomwa kwa dakika chache kama mzigo, na maisha yake yakageuka.

Haifai tujidanganye kwamba vipimo vimekuwa vya haki siku zote. Tangu mwaka 1987 Marekani iliwazuia wageni wenye virusi vya UKIMWI, na zuio hilo liliondolewa tarehe 4 Januari 2010, baada ya kudhihirika kwamba ugonjwa huo hauambukizi kwa kukaa pamoja. Katika nchi za Ghuba, anayekwenda kufanya kazi hupimwa kifua, virusi vya UKIMWI na homa ya ini ya B na C, na wanawake hupimwa mimba. Anayeonekana na virusi hivyo hapewi ruhusa ya kazi. Ni vema binti na wazazi wake walijue jambo hilo kabla ya kuuza ng'ombe ili kulipa gharama za safari.

Hata hivyo, kipimo kina upande wa pili. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ndui imetoweka ulimwenguni. Mgonjwa wa mwisho aliyeupata kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin wa Merca, Somalia, mwaka 1977. Cheti cha ndui, ambacho wasafiri wa zamani walikibeba pamoja na pasi zao, kiliwekwa kando kwa sababu ugonjwa wenyewe uliondoka. Chanjo na upelelezi wa wagonjwa vilifanya kazi yake.

ASKARI NA AFYA YA MWENYEJI WAKE

Kwa askari wetu jambo hili lina uzito wake. Baada ya tetemeko la ardhi la Haiti la mwaka 2010, kipindupindu kiliingia nchini humo kutoka katika kambi ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa, kwa uchafu uliotiririkia mtoni. Watu wapatao 10,000 walikufa. Tarehe 1 Desemba 2016 Katibu Mkuu Ban Ki-moon aliwaomba radhi wananchi wa Haiti. Walinda amani wale hawakwenda kwa nia mbaya, walikwenda kusaidia. Askari anayeulizwa kama anaendesha, au anayeambiwa arudie kipimo, asione kwamba anadharauliwa.

Vivyo hivyo kwa homa ya manjano. Wakati wa mlipuko wa Angola mwaka 2016, wafanyakazi 11 walirudi China wakiwa na ugonjwa huo, kwa sababu hawakuwa wamekingwa ipasavyo. Cheti cha njano huanza kufaa siku 10 baada ya chanjo, na tangu tarehe 11 Julai 2016 hudumu maisha yote ya mtu. Anayeambiwa arudie kila baada ya miaka 10 anaelezwa kanuni ya zamani. Waendao kuhiji Makka nao hutakiwa chanjo ya homa ya uti wa mgongo, isiyopungua siku 10 kabla ya kufika.

Sisi wa Rubavu twayajua haya kwa maisha yetu. Ugonjwa wa Ebola ulipokuwa mashariki ya Kongo kati ya mwaka 2018 na 2020, na mwaka 2019 ukafika Goma, kila aliyevuka mpaka alinawa mikono na kupimwa joto. Wako walionung'unika kwa sababu ya foleni. Ebola haikuingia Rwanda. Na ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Rwanda tarehe 27 Septemba 2024, ulipata watu 66 na kuua 15, wengi wa waliougua wakiwa ni watumishi wa afya. Hadi ulipotangazwa kwisha tarehe 20 Desemba mwaka huo, ilikuwa zamu yetu kupimwa kabla ya kupanda ndege, ili tusiupeleke kwa wengine.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwa jamaa anayejitayarisha, naona yafaa ayashike haya:

1. Aisome barua ya ubalozi mara mbili, au asomewe na mtu asiye na haraka kama yangu. Atazame ni daktari gani na kwa siku ngapi.

2. Aende kwa daktari aliye katika orodha tu. Ada ni ya msafiri mwenyewe, na haitegemei kama viza itapatikana.

3. Achukue pasi, kadi za chanjo, miwani, picha za zamani za kifua kama anazo, na majina ya dawa anazotumia. Mja mzito aseme mapema, kabla ya kuingia katika chumba cha picha.

4. Ahesabu tarehe. Asikate tikiti, asiuze vyombo wala kuacha kazi kabla ya viza kutoka, kwani kipimo cha makohozi peke yake huweza kula miezi miwili.

5. Aliyepata kuugua kifua kikuu zamani asifiche. Kovu huonekana katika picha. Cheti cha kumaliza dawa ndicho kitakachomsemea.

6. Anayemfuata mume au mke Canada asitishwe na maneno kwamba mwenye kisukari au shinikizo la damu hukataliwa kwa gharama za matibabu. Kanuni hiyo ya gharama haiwahusu wake, waume wala watoto wanaodhaminiwa na jamaa zao.

7. Akijiwa na dalali, akumbuke kwamba dalali hasafiri naye. Atakayesimama mbele ya ofisa ni yeye.

BAHASHA INGALI KABATINI

Ninapoandika haya, jirani yetu yumo katika mwezi wa tano wa dawa. Uzito wake umeongezeka kilo 4, na kikohozi cha alfajiri kimekoma. Madirisha ya chumba chake, ambayo zamani yalizibwa kwa magunia kwa ajili ya baridi, sasa hufunguliwa kila asubuhi, na kaka yake amemnunulia mtoto kitanda chake.

Mumewe hupiga simu kila Jumapili. Siku za kwanza waligombana, kwa sababu alidhani mkewe amebadili nia. Sasa kila Jumapili humwuliza vidonge vimebaki vingapi, na mtoto ndiye anayepewa kazi ya kuhesabu. Viza bado haijatoka, na hapana awezaye kumwahidi siku. Ile karatasi ya muhuri wa buluu niliyomponza nayo, mama huyo aliibakiza katika bahasha ya kaki. Nilipomwuliza kwa nini haitupi, alicheka, akasema, "Mwalimu, hiyo ni yako. Nitakurudishia siku ya kuondoka."